Nuru ya Mtu na Macho ya Mwenziwe

Nuru imesifiwa na mataifa yote, na katika lugha nyingi imefanywa jina la mambo mema. Elimu huitwa nuru, uongofu huitwa nuru, na mtoto apendwaye hupewa jina la Nuru. Giza, kwa upande wake, limebebeshwa lawama zote: ujinga ni giza, dhuluma ni giza, kaburi ni giza. Kwa ajili ya desturi hii ya kale, mtu asemaye kwamba nuru yaweza kuwa dhuluma huonekana kama asemaye kwamba maji yaweza kuwa makavu. Walakini katika njia iunganishayo Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, jambo hili hutokea usiku, wala halingoji hoja za wanafalsafa ili lithibitike. Gari moja hutoka upande huu, jingine hutoka upande ule. Yakutanapo, dereva mmoja huona kila kitu na mwenziwe haoni kitu. Aonaye ametia globu mpya za LED katika taa zake za mbele. Asiyeona hana kosa ila kwamba alikuwa akija.

Jambo lenyewe ni dogo kwa sura yake. Mtu huenda katika duka la vipuri, hununua jozi ya globu, huzitoa zile zilizokuja na gari, hutia mpya, na kazi yote haizidi nusu saa. Vitabu vya maadili havina mlango wa globu. Hata hivyo yamo ndani ya kitendo hiki maswali ambayo wenye hekima wameyatolea jasho kwa karne nyingi. Mipaka ya uhuru wa mtu ni ipi? Je, asiyekusudia ubaya anaweza kuwa na hatia ya ubaya? Na mtu ana wajibu gani kwa mgeni asiyemjua jina, ambaye atakutana naye kwa sekunde 5 na asimwone tena maishani?

Kabla ya kumhukumu mnunuzi, insafu yataka haja yake isikilizwe. Giza la Nachingwea na Ruangwa si giza la mji mkubwa, ambalo daima lina taa ya jirani au ya duka pembeni yake. Nyumba za mwisho za mji zikishapitwa, usiku hufunga mbele na nyuma. Kwa miaka mingi njia baina ya miji hii ilikuwa ya changarawe na udongo mwekundu, na wakati wa kiangazi vumbi la gari lililotangulia hubaki limetanda hewani kama pazia lisilo na mwenyewe. Tena njia hiyo si ya magari peke yake. Ni ya mama atokaye kilioni katika kijiji cha pili. Ni ya mwenye baiskeli aliyefunga magunia mawili ya mkaa, asiye na taa mbele wala nyuma. Ni ya mbuzi waliolala juu ya udongo kwa kuwa umehifadhi joto la mchana. Bodaboda huja na taa moja, na dereva hawezi kujua kwa mbali kama ni pikipiki au ni gari lililokufa jicho. Lori lililoharibika husimama gizani, na onyo lake ni matawi ya miti yaliyotupwa njiani. Msimu wa korosho ufikapo, kuanzia karibu na mwezi wa Oktoba, malori huongezeka: korosho hutoka kwa wakulima kwenda vyama vya msingi, na kutoka huko kwenda maghalani, na safari nyingi humaliza mchana kabla hazijaimaliza njia. Mtu ashikaye usukani katika hali hii, taa zake zikitoa mwanga wa kibatari, hatamani anasa. Hutamani asiue.

Basi haja yake ni ya kweli. Lakini mwanga hafifu anaoulalamikia aghalabu si kosa la globu. Magari mengi ya huko yalianza maisha yao Japani, yakaingia nchini yakiwa yametumika miaka mingi. Vifuniko vya taa zake ni vya plastiki, na plastiki hiyo, baada ya jua la miaka kumi au zaidi, hugeuka rangi ya mchuzi. Bakuli ling'aalo lililo nyuma ya globu huchujuka. Nyaya huchoka na kuupunguza umeme kabla haujafika. Mwenye gari huyaona matokeo tu, na kwa kuwa mwanga hutoka katika globu, globu ndiyo ishitakiwayo. Ni tabia ya wanadamu kumwadhibu mtumishi wa mwisho katika mlolongo mrefu wa watumishi. Kifuniko kingeweza kusuguliwa kwa gharama ndogo, na nyaya zingeweza kutazamwa na fundi umeme. Lakini kusugua ni kazi isiyo na fahari, na kitu kipya kina fahari.

Hapo ndipo uchunguzi wa taa unapogeuka kuwa uchunguzi wa maadili. Globu ya zamani, iitwayo halojeni, ina uzi mwembamba wa metali uwakao ndani ya kioo. Globu za jinsi hii zilianza kutumika katika magari ya Ulaya mwaka 1962. Katika aina moja iliyoenea sana, iitwayo H4, nyuzi ni mbili: mmoja wa mwanga wa juu, na mmoja wa mwanga wa chini. Chini ya uzi wa mwanga wa chini pana kikombe kidogo cha metali, ambacho mtu hakioni mpaka aitoe globu na kuigeuza mkononi. Kazi ya kikombe hicho ni kuzuia. Bila yake, mwanga ungepiga sehemu ya chini ya bakuli, ungerushwa juu, na ungeingia machoni mwa anayekuja. Kwa kikombe hicho mwanga hukatwa kwa mstari: chini ya mstari ni nuru, juu ya mstari ni giza la makusudi. Wala mstari huo haulingani pande mbili. Katika nchi ambazo magari hupita kushoto, kama Tanzania na Japani, taa hutengenezwa ili mwanga uinuke kidogo upande wa kushoto, mtembea kwa miguu na ukingo wa njia waonekane, na uiname upande wa kulia, ambako hutokea mgeni.

Maana ya kitu hiki ni kubwa kuliko umbo lake. Aliyeichora taa hiyo hakumfikiria mnunuzi peke yake, ambaye ndiye mwenye fedha. Alimfikiria pia mtu atakayekuja kutoka upande wa pili, asiyelipa kitu, asiyejulikana taifa lake wala dini yake. Kikombe kile ni mkataba ulioandikwa kwa metali badala ya wino. Masharti yake ni kwamba kila dereva akubali kuona chini kidogo ya awezavyo, ili wote wawili waone kiasi cha kutosha. Hapana dereva aliyepata kuutia sahihi mkataba huu, lakini kila dereva ameishi kwa faida yake tangu usiku wa kwanza aliposhika usukani.

Globu ya LED haina uzi. Mwanga wake hutoka katika vipande bapa vidogo vilivyobandikwa ubavuni mwa kijiti. Ni tunda la akili kubwa: Wajapani Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, pamoja na Shuji Nakamura aliyezaliwa Japani akahamia Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014 kwa kuunda LED ya buluu iliyowezesha taa nyeupe zitumiazo umeme kidogo. Uzi wa mwanga wa chini katika globu ya H4 hula wati 55 za umeme, na sehemu kubwa yake hupotea kwa kuwa joto. LED hutoa mwanga mwingi kwa umeme mchache. Vijiji vingi ambavyo havijafikiwa na nguzo za umeme vimepata mwanga wa kusomea kwa LED ndogo na jua. Hakuna haki ya kuitukana.

Lakini bakuli la taa ya halojeni lilipimwa kwa ajili ya uzi: mahali pake, urefu wake, unene wake, kwa vipimo vya chini ya milimita. Kipande bapa kikikaa mahali pa uzi, bakuli huurusha mwanga pasipotakiwa. Mstari hufifia au hupotea. Mwanga uliopaswa kulala barabarani husimama wima. Na kwa kuwa ni mweupe wenye kuelekea buluu, macho ya anayekuja huudhika kuliko yangeudhiwa na mwanga wa manjano wa nguvu ile ile, na macho ya wazee huchelewa zaidi kupona. Mwenye gari naye huona weupe mkubwa mita chache mbele yake, akafurahi, wala hatambui kwamba weupe huo wa karibu humpunguzia uwezo wa kuona mbali. Vumbi likiwapo, sehemu ya mwanga humrudia mwenyewe. Tena globu nyingi za jinsi hii zina feni ndogo nyuma yake ya kupoza joto, na kwa feni hiyo vumbi la Nachingwea ni adui asiyelala. Lakini hilo ni hasara ya mnunuzi, na hasara ya mtu kwa mali yake si mada ya maadili.

Nachingwea inayo historia yake ya kitu chema kilichotiwa mahali ambapo hapakuulizwa kama panakifaa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi mkubwa wa karanga katika Tanganyika, nao ukagawanywa baina ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Vifaru vya vita aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Reli ilijengwa kutoka pwani ya kusini mpaka Nachingwea, kubeba karanga ambazo zilikuwa bado hazijaota. Mwaka 1951 mradi uliachwa, ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli nayo ikafungwa. Limebaki jina la kata moja, Stesheni, ambako hakuna treni ya kungojwa. Karanga hazikuwa na kosa, wala trekta, wala reli. Kosa lilikuwa katika ile imani kwamba nguvu ya kitu yatosha kuwa sababu ya kukitumia. Mtu atiaye globu yenye nguvu katika bakuli la globu nyingine hurudia imani hiyo hiyo kwa kipimo kidogo, na yeye walau hakupeleka pauni milioni 36.

Sasa na asikilizwe mnunuzi katika utetezi wake, kwani anao. Husema kwanza kwamba gari ni lake na fedha ni zake. Hoja hii ni dhaifu kuliko zote, ijapokuwa ndiyo isemwayo kwa sauti kubwa. John Stuart Mill, Mwingereza aliyeandika mwaka 1859 kutetea uhuru wa mtu kwa nguvu zake zote, aliuwekea uhuru huo mpaka mmoja: madhara kwa mtu mwingine. Globu ni mali ya mtu ikiwa dukani, ikiwa mfukoni, ikiwa imezimwa. Ikishawashwa, mwanga wake huondoka kwa mwenyewe na kuingia katika macho ya watu, na macho hayo hayakununuliwa pamoja nayo.

Husema pili kwamba hupunguza taa akutanapo na mwenziwe, kama adabu ya njia itakavyo. Hili ni kweli, na ndilo linalotia huruma. Mkono wake husogeza kijiti cha usukani kwa wakati wake, kama mtu avuaye kofia mbele ya mkubwa. Lakini mwanga wa chini alioteremkia si wa chini tena. Adabu imebaki mkononi, haikufika machoni. Mtu huyu ametimiza wajibu wote anaoujua, na mwenziwe amepofuka vile vile. Je, ana hatia?

Hapa yafaa kumkumbuka Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, mwenye kitabu juu ya nuru na shubaka la taa. Miongoni mwa upungufu wa jicho alioutaja humo ni kwamba jicho huona vitu vingine wala halijioni lenyewe. Dereva naye hawezi kukaa mbele ya taa zake mwenyewe barabarani. Yeye ni mtu mmoja tu katika njia nzima ambaye nuru yake haitamuumiza kamwe. Kwa hiyo usiku wa kwanza ujinga wake ni ujinga wa kweli, na ujinga wa kweli hauna hatia. Lakini usiku wa kwanza haukosi mashahidi. Anayekuja humwashia na kumzimia taa; wa pili hufanya vivyo hivyo; wa tatu humwashia taa za juu kwa hasira na kuziacha hivyo mpaka wapishane. Wapo madereva ambao, wakiona ishara hizo, hudhani wanaonywa kwamba mbele kuna askari wa usalama barabarani, wakapunguza mwendo na kufunga mkanda, wakashukuru. Jambo hili lachekesha mara moja. Baada ya shahidi wa kumi, asiyejua amechagua kutojua, na kuchagua ni tendo.

Hoja yake ya tatu ndiyo nzito. Husema: kwa nuru hii nilimwona mtoto njiani, nami nisingalimwona kwa globu za zamani. Hakuna mtu mwenye moyo awezaye kuipuuza kauli hiyo. Lakini na itazamwe yote. Magari mawili yaendayo kilomita 80 kwa saa kila moja hukata zaidi ya mita 22 kwa sekunde. Ikiwa aliyepigwa na mwanga atahitaji sekunde 3 macho yamrudie, katika muda huo gari lake limekwenda mita 66 bila mwenye kuliongoza, na magari hayo mawili yameachana kwa zaidi ya mita 130. Mtoto aliyeokolewa alikuwa mbele ya mwenye globu, akamwona, akamhesabu katika fadhila za globu zake. Mtoto wa pili yuko mbele ya yule aliyepofuka. Na kama ataumia, ataumia nyuma ya mwenye globu, katika giza aliloliacha, naye amekwisha kupita, anasikiliza redio. Faida huonekana na hasara haionekani, na hesabu ya namna hii haiwezi kuwa hesabu ya haki hata ikifanywa na mtu mwema.

Huja baadaye mnunuzi wa pili, ambaye sababu yake ni mnunuzi wa kwanza. Amechoka kupofushwa, basi hununua ili asiwe mnyonge. Naye wa tatu hununua kwa ajili ya hawa wawili. Mwisho wake ni barabara ambayo kila mtu ana nuru mara tatu ya ile ya baba yake na wote huona vibaya kuliko yeye. Immanuel Kant alitaka mwaka 1785 kwamba mtu, kabla ya kutenda, ajiulize kama angependa kanuni ya tendo lake iwe sheria ya watu wote. Mara chache swali lake limepata jibu la upesi namna hii. Hata hivyo hata mashindano haya yana walioachwa nje. Dereva aweza kununua. Mwenye bodaboda aweza kununua kidogo. Mtembea kwa miguu hana taa ya kubadili.

Wala isidhaniwe kwamba LED yenyewe ndiyo ihukumiwayo. Gari lililotoka kiwandani na taa zilizoundwa kwa LED tangu bakuli hadi kifuniko lina mstari wake na heshima yake. Ujerumani, nchi isiyojulikana kwa ulegevu katika mambo ya magari, mwaka 2020 iliruhusu globu fulani za LED zichukue nafasi ya halojeni, lakini kwa aina za magari na taa zilizopimwa pamoja na globu hizo na kuorodheshwa. Kilichoidhinishwa ni ndoa ya globu hii na taa hii. Globu peke yake haikupewa cheti cha kuoa popote. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ilitungwa mwaka 1973, miaka 20 kabla LED ya buluu yenye mwanga mkali haijatangazwa Japani, na si ajabu ikiwa wabunge wa wakati ule hawakumwota mnunuzi huyu.

Na liko jambo lifaalo kuwafikirisha wanafunzi wa maadili kuliko hayo yote, nalo liko nyuma ya gari. Uzi wa globu ya breki huchukua muda kupata moto. LED huwaka mara moja. Tofauti yao ni kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Kwa mwendo wa kilomita 80, anayefuata nyuma huongezewa zaidi ya mita 4 za kusimama, na mita 4 ni urefu wa gari dogo. Basi LED nyekundu katika taa ya breki ni sadaka kwa mtu wa nyuma, ambaye hatajua kwamba alipewa. Mwenyewe hapati kitu, wala haioni ikiwaka. Ni kifaa kile kile, kutoka duka lile lile. Kinyume chake ni taa za kuonyesha kona: LED ikitiwa huko, umeme upitao hupungua, na gari hudhani globu imekufa, likaanza kuonyesha kona kwa haraka kama mtu aliyepatwa na kigugumizi, lakini huko kuna usumbufu tu, hakuna dhuluma. Mtu awezaye kueleza kwa nini mwenye gari huanza na taa za mbele, na za breki kuzisahau, ameeleza jambo kubwa kuhusu nafsi ya binadamu.

Dhima haimwangukii mnunuzi peke yake. Muuzaji anayejua kwamba globu itatiwa katika bakuli lisilo lake, na akanyamaza, ameuza pamoja na globu ukimya wake. Fundi umeme ana dhima kubwa zaidi, kwa kuwa ndiye mwenye elimu katika shauri hili. Naye aweza kuitumia kwa kazi ya dakika chache, ukuta na usiku tu. Gari huwekwa mita 10 kutoka ukutani, mahali tambarare, mwanga wa chini ukiwashwa. Mstari wa juu wa mwanga wapaswa kuonekana ukutani, nao uwe chini ya kimo cha taa kwa kiasi cha sentimita 10. Kama hakuna mstari, bali weupe uliosambaa kama maziwa yaliyomwagika, basi mwenye gari, akisimama kando, atakuwa ameona kwa mara ya kwanza kile ambacho wengine wamekuwa wakikiona. Ukuta humpa jicho alilonyimwa. Ghala la chama cha msingi lafaa sana kwa kazi hii, kwani kuta zake ni pana.

Husalia mtu mmoja mwenye shida ya kweli: yule aliyerudisha globu zake za zamani, akasugua vifuniko, akapima ukutani, na sasa anasafiri usiku kati ya Nachingwea na Ruangwa miongoni mwa wasiofanya hivyo. Yeye huona kidogo kuliko wote. Je, wema wake ni upumbavu? Jibu halimo katika taa. Limo katika mwendo. Kwa makadirio ya kanuni za barabara za Uingereza, gari liendalo maili 50 kwa saa, yaani kilomita 80, huhitaji mita 53 ili lisimame, kuanzia dereva alipoona hatari. Liendalo maili 30, yaani kilomita 48 hivi, huhitaji mita 23. Changarawe huongeza umbali huo. Taa yenye kumulika mita 40 ni haba kwa wa kwanza na ni tele kwa wa pili. Kwa hiyo alichokitafuta mnunuzi dukani hakikuwa kuona; kuona kulikuwa kunapatikana bure, kwa kuondoa mguu. Alikuwa akinunua mwendo, na mwendo ni muda. Katika safari ya kilomita 40, aendaye kilomita 80 kwa saa hufika kwa dakika 30, na aendaye kilomita 50 hufika kwa dakika 48.

Tofauti ni dakika 18. Mnunuzi amelipa dukani kwa ajili yake, na yawezekana ana sababu njema: mgonjwa, mnada, mke aliyemngoja na chakula. Lakini sehemu ya bei haikulipwa dukani. Mama atokaye kilioni huiona nuru ikija tangu mbali, kabla hajausikia mlio wa gari. Huweka mkono juu ya macho, hutoka njiani, husimama katika majani asiyoyaona yana nini, na hungoja lipite. Na likishapita hungoja tena, mpaka macho yake yarudi.